Njia za Kinga: Baiskeli kati ya Bonde la Ruzizi na Milima ya Itombwe

Luberizi ni makazi ya wakulima yaliyokaa kando ya Barabara ya Taifa Namba 5, kaskazini mwa mji wa Uvira, katika bonde ambalo mto Ruzizi hulipitia ukishuka kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, kwenda Ziwa Tanganyika, lililo chini yake kwa karibu mita 700. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, ipo Burundi. Upande wa magharibi ardhi huinuka kwa hatua mbili, kwanza vilima vinavyoitwa nyanda za kati, kisha nyanda za juu, mpaka kufikia msitu wa Itombwe, ambao kilele chake kirefu kuliko vyote, Mohi, kinakaribia mita 3,500. Ramani nyingi za eneo hili huonyesha mstari mmoja mnene wa barabara kuu, kutoka Uvira kupitia Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola, na mistari michache hafifu inayopanda milimani. Kisichoonekana katika ramani hizo ni mtandao wa pili, mkongwe na mrefu kuliko ule wa kwanza, wa vijia vya udongo ambavyo gari haliwezi kuvipita na ambavyo kwa miongo mingi vimebeba nyayo za watu na magurudumu mawili ya kinga, kama watu wa sehemu hizo wanavyoiita baiskeli.

Katika nchi tajiri, safari ya baiskeli isiyosumbuliwa na magari, hasa ile inayopita katika milima yenye misitu, ni jambo lililotengewa fedha, sheria na vibao vya kuelekeza wasafiri. Katika milima ya Uvira jambo hilohilo lilizaliwa bila sheria wala vibao, kwa sababu barabara ya magari haikuwahi kujengwa kwa ajili ya wakazi wenyewe. Ilijengwa kwa ajili ya pamba, sukari, madini na majeshi, nao wakazi wakabaki na vijia vyao, wakavitengeneza, na baadaye wakaviingizia baiskeli. Kwa sababu hiyo historia ya kinga katika bonde la Ruzizi haiwezi kuelezwa kama historia ya chombo peke yake, kwani kila hatua yake inauliza njia ni ya nani na mzigo unaopita juu yake ni wa nani.

Vijia vilikuwapo kabla ya gurudumu. Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuta hapo soko kubwa la watumwa, pembe za ndovu, nafaka na chuma, na soko la namna hiyo haliwezi kusimama pasipo njia za kulilisha kutoka milimani na kutoka bondeni. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika kwenye mlango wa Ruzizi mwezi wa Novemba 1871, wakathibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani na wala hautoki, na hivyo hauwezi kuwa chanzo cha Nile. Katika miaka ya 1880 biashara ya kaskazini mwa ziwa ilikuwa chini ya mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye misafara yake kutoka Ujiji ilizifanya njia za Uvira kuwa sehemu ya mtandao uliofika mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Biashara hiyo ilikuwa pia biashara ya binadamu, na kijia kilichomfikisha mchuuzi wa chumvi sokoni kilikuwa kilekile kilichomfikisha mateka mtumbwini.

Kijia cha mpagazi kina tabia zake, na tabia hizo ndizo zilizoamua baadaye baiskeli itapita wapi. Mtu anayebeba mzigo kichwani au mgongoni hafuati mwinuko mwororo kama mhandisi wa barabara, bali hutafuta mgongo wa kilima, mahali ambapo maji hayatuami na ambapo mwonekano ni mpana, kisha hupanda moja kwa moja hata kama mteremko ni mkali, maana mzunguko mrefu humchosha zaidi kuliko mwinuko mfupi. Wasafiri huenda mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo njia haizidi upana wa mwili mmoja. Mito midogo inayoshuka kutoka Itombwe, ukiwamo Luberizi wenyewe, huvukwa kwa gogo moja au mawili, au kwa kukanyaga mawe. Njia ya namna hiyo ni mbaya kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, na ni mbaya zaidi kwa motokaa, lakini kwa chombo chenye magurudumu mawili yaliyofuatana katika mstari mmoja ni njia inayotosha, kwa kuwa gurudumu la baiskeli halihitaji upana zaidi ya unyayo.

Utawala wa kikoloni ulivirithi vijia hivyo kwanza kwa njia ya tipoyi, yaani kiti kilichofungwa kwenye miti miwili na kubebwa mabegani na wanaume wanne au zaidi, ambacho ofisa Mzungu alikikalia alipokagua vijiji. Kisha vikaja vita. Mwaka 1910 mipaka ya Ujerumani na Ubelgiji ilikubaliwa kufuata Ruzizi, na miaka minne tu baadaye mto huo ukawa mstari wa mapigano. Mwezi wa Juni 1916 Brigedi ya Kusini ya jeshi la Kongo, lililoitwa Force Publique, chini ya Frederik-Valdemar Olsen, ilikuwa imevuka mto na kuuteka mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Vita vyote vya Wabelgiji katika Afrika Mashariki vilitumia zaidi ya wapagazi 200,000, waliotolewa vijijini kwa lazima, na wengi hawakurudi. Jeshi hilohilo lilikuwa na kikosi cha wapanda baiskeli huko Katanga, kwenye nyanda tambarare. Katika Kivu gurudumu halikuweza bado kuchukua nafasi ya shingo ya mtu.

Baiskeli ilikuwa imekwisha kuigusa Kongo kabla Wakongo hawajaigusa baiskeli. Mwaka 1885, ambao ndio mwaka Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitambuliwa kuwa mtawala wa Dola Huru la Kongo, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alianza kuuza baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na hilo ndilo umbo ambalo karibu baiskeli zote zimelifuata tangu hapo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alisajili tairi la mpira lililojazwa hewa. Vitu hivyo viwili pamoja viliwafanya mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani kununua baiskeli katika miaka ya 1890, vikapandisha bei ya mpira duniani, na kuifanya misitu ya Kongo, iliyojaa mitambaazi yenye utomvu, kuwa mali ya kutisha. Mpira huo ulikusanywa kwa mjeledi, kwa kuwashika wanawake mateka mpaka waume wao walete kiasi kilichotakiwa, na kwa bunduki. Na ukatili huo, ulipofichuliwa na watu kama Edmund Dene Morel na Roger Casement, ndio uliomlazimisha Leopold kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Eneo kubwa la mateso ya mpira lilikuwa magharibi na katikati ya nchi, mbali na Uvira. Hata hivyo, historia yoyote ya baiskeli nchini Kongo inayoanza na furaha ya safari bila kutaja tairi lilitoka wapi imekosa mwanzo wake.

Wakati vyama vya wapanda baiskeli wa Ulaya vilipokuwa vikichapisha ramani za matembezi, kile cha Uingereza kikiwa kimeanzishwa mwaka 1878, cha Ufaransa mwaka 1890 na cha Ubelgiji mwaka 1895, watu wa Ruzizi walikuwa wakiingizwa katika kazi nyingine ya njia. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu utawala kuwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali kwa muda wa hadi siku 60 kwa mwaka, na katika bonde la Ruzizi, lenye joto na udongo wa rutuba, zao lililochaguliwa lilikuwa pamba. Pamba ilihitaji kusafirishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikamilika reli ya CEFAKI, kifupisho cha jina la Kifaransa la Reli ya Kivu, iliyotoka Kalundu, bandari ya Uvira, na kupita bondeni kwa zaidi ya kilomita 90 hadi Kamanyola, ambako mizigo ilihamishiwa kwenye malori ili kupanda ukingo wa bonde kuelekea Bukavu. Barabara nazo zilichimbwa na kufagiliwa na wanaume wa vijiji vya kando yake, kila kijiji kikipewa kipande chake. Reli ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ikang'olewa, na haikurudi tena.

Jambo hilo la reli linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu lina mfano wake katika nchi ya wakoloni wenyewe. Ubelgiji, kama Uingereza na Marekani, ilifunga maelfu ya kilomita za reli ndogo katika karne ya ishirini, na tangu mwaka 1995 mkoa wa Wallonia umezigeuza nyingi kuwa mtandao unaoitwa RAVeL, yaani njia za waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda farasi ambazo magari hayaruhusiwi kuingia. Tuta la reli lina sifa inayotamaniwa na kila mpanda baiskeli: halina mwinuko mkali, limeinuliwa juu ya matope, na huvuka mito kwa madaraja. Katika bonde la Ruzizi hakukuwa na serikali iliyofikiria matumizi hayo, na ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya reli ilimezwa na mashamba na barabara. Huenda hakuna mahali pengine katika Kivu ambapo nafasi nzuri kiasi hicho ya njia ya baiskeli ilipotea.

Baiskeli yenyewe iliingia bondeni ikiwa chombo cha watu wenye cheo kidogo: katekista aliyezunguka makanisa ya vilimani, mwalimu, muuguzi wa zahanati, karani wa machifu, na monita wa kilimo, yaani msimamizi aliyekagua kama kila mkulima amepanda pamba yake kwa mistari na kwa wakati. Ni jambo la kusikitisha kwamba kwa vijiji vingi mpanda baiskeli wa kwanza kuonekana mara kwa mara alikuwa mtu wa kukagua na kuandika majina. Lakini pamba, pamoja na lazima yake, ilileta pia fedha mkononi, na katika miaka ya 1950 serikali ilipoanzisha bondeni mpango wa mashamba uliojulikana kwa jina la Kifaransa la paysannat, ambao uligawa ardhi kwa familia katika vipande vilivyopimwa, na kiwanda cha sukari cha Kiliba kilipoanza kuajiri, familia za kawaida nazo ziliweza kununua kinga. Utawala haukuchelewa kuitoza kodi: mwenye baiskeli alilipa kila mwaka na kupewa kibati cha kufunga kwenye chombo chake. Desturi hiyo ya kibati iliendelea baada ya uhuru, na kwa wengi kodi ya kinga ilikuwa njia mojawapo ya kukutana na serikali uso kwa uso.

Utalii wa wakati huo haukuwa wa baiskeli. Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Wabelgiji, iliyochapisha kitabu kinene cha kuongoza wasafiri mwaka 1949, iliisifu Kivu kwa baridi yake, maziwa yake na milima yake, lakini msafiri aliyekusudiwa alikuwa na motokaa au tikiti ya meli. Msafiri wa baiskeli alikuwa kioja. Kazimierz Nowak, mwandishi wa habari na mpiga picha wa Poland, aliondoka kwao Novemba 1931, akavuka Afrika kutoka Tripoli hadi ncha ya kusini ya bara na kurudi hadi Algiers mwaka 1936, safari ya kilomita 40,000 hivi kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi, akipita pia Rwanda na Kongo ya Wabelgiji. Maandishi yake yanaonyesha heshima kwa wenyeji ambayo haikuwa ya kawaida kwa Wazungu wa enzi ile, na inaelekea mwendo wa baiskeli ulichangia: anayesafiri hivyo hulala alikoshikwa na giza, hula alichopewa, na hawezi kupita kijiji bila kusalimia.

Kilele cha historia hii, hata hivyo, hakimo katika usafiri wa matembezi bali katika biashara ya kusukuma. Bonde hutoa mpunga wa umwagiliaji, mahindi, mawese, chumvi na bidhaa za dukani zinazotoka bandarini, na ziwa hutoa ndagala, yaani dagaa wa kukaushwa, na mikebuka. Nyanda za kati za Wafuliiru, ambazo kitovu chake ni Lemera, hutoa maharage, muhogo, ndizi, viazi na makala, ambalo ndilo jina la makaa katika Kiswahili cha Kongo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mwinuko wa mamia ya mita, na juu ya mwinuko huo kinga haipandwi, husukumwa. Mchuuzi hufunga fimbo imara kwenye usukani, upande wa kushoto, ili aweze kuelekeza gurudumu la mbele akiwa anatembea kando, na fimbo ya pili husimamishwa nyuma ya kiti ili aisukume kwa mkono wa kulia na kuusawazisha mzigo. Mbinu hiyo haiko Kivu peke yake. Wapagazi wa Vietnam waliitumia mwaka 1954 kupeleka mchele na risasi kwenye vita vya Dien Bien Phu, wakiwashangaza Wafaransa waliodhani kwamba mizinga mikubwa haiwezi kulishwa kwa njia za msituni.

Fundi wa baiskeli ndiye msanifu wa biashara hii. Kinga inayotoka kiwandani China au India, ya aina ya Phoenix, Hero au Avon, imetengenezwa kumbeba mtu mmoja kwenye barabara sawa. Kabla haijaweza kubeba zaidi ya kilo 100 juu ya mawe, fundi huongeza vyuma vya nondo kwenye uma wa mbele, huchomelea keria pana ya nyuma, hubadilisha njiti za gurudumu na kuweka nene zaidi, na mara nyingi huiondoa kabisa breki ya kiwandani, ambayo haiwezi kuhimili mteremko, na badala yake hufunga kipande cha tairi la gari kinachokanyagwa kwa mguu mpaka kilibane gurudumu la nyuma. Kiatu cha mchuuzi nacho huwa ni breki, na kandambili iliyokatwa kutokana na tairi kuukuu hudumu kuliko kiatu cha dukani. Katika kupanda, watu wawili au watatu hushirikiana, mmoja akivuta kwa kamba mbele. Katika kushuka, ujuzi wote ni wa kujua mahali pa kupumzisha gurudumu kabla halijapata moto na kabla mzigo haujaanza kumwongoza mwenyewe. Ng'ambo ya Ruzizi, kwenye barabara inayoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, wapanda baiskeli wa Burundi hushuka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya magari, na hupanda tena wakiwa wameshikilia nyuma ya malori, mchezo wa kifo uliozaliwa na ukweli kwamba wao wanagawana barabara na malori. Mchuuzi wa vijia vya Lemera hushuka polepole, na mara nyingi huishi zaidi.

Kuna watu ambao kinga haikuwafikia. Katika Kivu ya Kusini mzigo mzito wa kila siku umebebwa, na bado unabebwa, na wanawake, kwa kamba pana inayopita kwenye paji la uso na kuushikilia mzigo mgongoni. Baiskeli ilipoingia ilikwenda kwanza kwa wanaume, na kwa sehemu kubwa ilibaki kwao: mwanamume alisukuma makala kwenda sokoni na kushika fedha, mwanamke aliendelea kubeba kuni, maji na muhogo kwa kichwa na mgongo kwenye vijia vyembamba zaidi. Wala kinga haikuwa rafiki wa msitu nyakati zote. Magunia ya makala yaliyoteremka kwa magurudumu mawili kwenda Uvira na miji ya bondeni yalikuwa miti iliyokatwa kwenye miteremko, na mteremko uliovuliwa miti ndio unaopeleka matope na mafuriko mabondeni. Anayetaka kuisifu baiskeli ya milimani kwa haki hana budi kuyataja hayo mawili pamoja na ustadi wake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 barabara ilianza kufa huku vijia vikiendelea kuishi. Uasi wa mwaka 1964 uliwaka mapema katika bonde la Ruzizi na milima ya Wafuliiru. Uvira ilitekwa mwezi wa Mei mwaka huo, na mwezi uliofuata Kamanyola ikawa uwanja wa vita ambavyo Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuja kuwa rais, baadaye alivifanya hadithi rasmi ya ushujaa wake. Jeshi lilishika barabara, waasi walishika milima. Chini ya utawala wa Mobutu matengenezo ya barabara yalipungua mwaka hadi mwaka katika nchi nzima, na baiskeli ikachukua kazi ya lori: wachuuzi wa Kasai walisukuma bidhaa kwa mamia ya kilomita, huko Kisangani teksi ya baiskeli ikapata jina la toleka, na huko Goma vijana wakaendeleza chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedeli, ambacho mji huo ulikisimamishia sanamu mwaka 2009. Katika barabara ya Uvira kwenda Bukavu sehemu ngumu zaidi, yaani mwinuko wa Ngomo kati ya Kamanyola na Nyangezi, iliachwa iharibike kiasi kwamba magari mengi yalivuka mpaka Kamanyola, yakafuata lami ya Rwanda kupitia mji mwingine uitwao Bugarama, kisha yakaingia tena Kongo Bukavu. Barabara ya taifa ya mlimani ikawa, kwa sehemu kubwa ya siku, njia ya waenda kwa miguu na wasukuma kinga.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilivunja hata huo utaratibu. Luberizi ilikuwa mahali pa kambi mojawapo ya wakimbizi waliomiminika bondeni baada ya mwaka 1994, na mwezi wa Oktoba 1996 kambi hizo zilisambaratishwa, hospitali ya Lemera ikashambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani, na Uvira ikaanguka mwishoni mwa mwezi huo. Tangu hapo njia za milimani zimekuwa na mabwana wengi. Kizuizi cha njiani, kinachoitwa bariyeri, ambapo mwenye bunduki hutoza kila apitaye, kimekuwa taasisi yenyewe: uchunguzi wa taasisi ya IPIS ya Antwerp uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Kodi ya kinga ya wakati wa ukoloni ililipwa mara moja kwa mwaka. Ya bariyeri hulipwa kila kwenda na kila kurudi. Nayo barabara kuu, pale ilipotengenezwa, ilileta hatari zake: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kusini mwa Luberizi, na moto wake ukaua zaidi ya watu 200.

Pikipiki za bei nafuu, nyingi zikitoka India na China, zilienea katika miaka ya 2000 na kuchukua abiria na mizigo myepesi kwenye barabara kuu. Kinga haikutoweka, ilisogezwa pembeni, ikarudi kwenye vijia ambako petroli haifiki au inauzwa kwa chupa kwa bei ambayo mkulima wa maharage hawezi kuilipa. Kwa njia hiyo utengano wa magari na baiskeli, ambao wapangaji wa miji hupigania kwa miaka mingi, ulijitokeza wenyewe bondeni, ingawa kwa upande wa baiskeli ulikuwa ni kuhamishwa zaidi kuliko kupewa.

Ng'ambo ya mpaka historia ilichukua mkondo mwingine. Rwanda, ambayo vilima vyake vina vijia vya asili ileile, ilivipanga baadhi yao mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuwa njia ya watalii iitwayo Njia ya Kongo–Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu, inayofuatwa kwa miguu au kwa baiskeli, na ambayo mwisho wake wa kusini uko karibu na Bukavu na si mbali na kichwa cha bonde la Ruzizi. Msitu wa Nyungwe, ulio upande huo, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, na mwezi wa Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Hakuna kitu katika njia hiyo ya watalii, si udongo, si miteremko, si ukarimu wa vijiji, ambacho milima ya Uvira haina. Itombwe una misitu ya mianzi, sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki na ndege ambao wataalamu huwajua kwa shida, akiwamo bundi aliyegunduliwa mwaka 1951 na ambaye hakukamatwa tena hadi mwaka 1996. Tofauti ni amani, na amani ndiyo inayoamua kama kijia ni cha matembezi au cha kukimbilia. Mwezi wa Februari 2025, baada ya Bukavu kutekwa, vita vilishuka hadi Kamanyola, na maelfu ya watu wa bonde walivuka Ruzizi kwenda Burundi.

Hifadhi ya asili ya Itombwe yenyewe ina somo kuhusu njia. Ilitangazwa mwaka 2006 kwa amri ya wizara bila wakazi kuulizwa, na vijiji ambavyo vijia vyao vilikuwa ndani ya mipaka mipya vilijikuta kwa karatasi kuwa wavamizi wa nchi yao. Miaka ya mazungumzo na ya kuchora ramani pamoja na wakazi, wakionyesha mashamba, makaburi, malisho na mapito yao, ndiyo iliyowezesha mipaka kukubaliwa upya mwaka 2016. Mradi wowote wa njia za baiskeli katika milima hiyo utakaoanza na ramani ya mgeni utaanguka kwenye kosa lilelile.

Utunzaji wa vijia, kwa upande wake, umebaki mikononi mwa walewale wanaovitumia. Salongo, yaani kazi ya pamoja iliyoamriwa na utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970 na ambayo vijiji vingi vimeendelea nayo hata baada ya utawala huo kuondoka, ndiyo inayofyeka majani, kuziba mifereji iliyochimbwa na mvua na kubadilisha magogo ya madaraja. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba na madaraja, na matengenezo ya madaraja ya magari yalingoja fedha kutoka mbali. Daraja la magogo mawili juu ya kijito cha mlimani halingoji bajeti ya mtu: likichukuliwa na maji, kijiji kilicho karibu hukata miti mingine kwa panga na shoka, huiegemeza kwenye mawe yaleyale, na mchuuzi wa makala, akiisha kushusha magunia yake na kuyavusha moja moja, hulivuka akiwa ameibeba kinga begani.